Ukaguzi wa ndege ndogo kabla ya kuruka: mwongozo kwa marubani na mafundi wa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa marubani, wanafunzi wa urubani na mafundi wachanga wanaofanya kazi uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, pamoja na wote wanaozijua njia za viwanja vya Kavumu (Bukavu) na Goma. Tunachukua ndege ya injini moja ya pistoni yenye mabawa juu, aina ya Cessna 172 au 206. Anayeendesha Caravan au Let 410, ndege za injini za turbini, atapita njia hii hii, ila mambo ya injini ayachukue kwenye kitabu cha ndege yake. Namba nyingi hapa chini ni za Cessna 172S. Kama kitabu cha ndege yako kinasema tofauti, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Kabla ya hatua yoyote, liweke hili kichwani: ndege iliyotoka hanga asubuhi ya leo inahitaji macho makali kuliko ndege iliyoruka jana jioni ikarudi salama. Watu wengi hufanya kinyume. Wakiona sahihi mpya na muhuri mpya wanalegea, wanazunguka ndege harakaharaka, wanapanda. Ndege iliyoruka jana imekwisha kuonyesha kwamba nyaya zake zimefungwa sawa na mirija yake haivuji. Iliyofunguliwa usiku haijaonyesha kitu bado. Wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuijaribu, na mara nyingi umebeba watu.

Karatasi, kwa dakika kumi

Soma daftari la ndege ukiwa bado mezani. Usiishie kwenye ukurasa wa mwisho. Rudi nyuma hadi kazi ya mwisho ya ukarabati, uisome yote. Tafuta kasoro zilizoahirishwa, saa zilizobaki kabla ya ukaguzi wa saa 50 au 100, na hati ya kuirudisha ndege kazini yenye sahihi ya fundi mwenye leseni. Hakikisha cheti cha kufaa kuruka, kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC, hakijapita tarehe.

Sasa chukua kipande cha karatasi uandike kila kilichoguswa: tairi la kushoto limebadilishwa, mafuta ya kulainisha yamebadilishwa, waya wa eleroni (kibati cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege kushoto au kulia) umekazwa. Hiyo ndiyo orodha yako ya pili, na utatembea nayo. Orodha ya kiwandani hukagua hali ya ndege kwa jumla, haijui fundi alifungua nini jana. Kama daftari limeandikwa tu "ukaguzi umefanyika", mtafute fundi akueleze kwa mdomo alifungua wapi, na mwombe aandike.

Makosa ya gereji na sura zake

Makosa ya ukarabati hayana sura nyingi. Yanajirudia, na anayezijua sura zake huyaona mapema.

La kwanza ni kipuri kinachofanana na kile sahihi. Mnamo 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC 1-11 ilipoteza kioo cha mbele ikiwa angani Uingereza, na kapteni akavutwa nje nusu ya mwili. Alipona. Kioo kilikuwa kimefungwa kama saa 27 kabla ya safari kwa bolti 90: 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, na 6 zilikuwa fupi. Fundi alizilinganisha kwa macho na zile alizozitoa. Hapa kwetu, ambako kipuri kinaweza kusubiriwa kwa wiki kadhaa, kishawishi cha "inaingia, basi inafaa" ni kikubwa zaidi. Bolti huchaguliwa kwa namba iliyo kwenye kitabu cha vipuri, na namba hiyo huandikwa daftarini. Bolti ya gari haiingii kwenye ndege hata kama uzi wake unakubali.

La pili ni kazi iliyokatika katikati, zamu ikabadilika. Mnamo 11 Septemba 1991, ndege aina ya Embraer 120 ya Continental Express ilivunjika angani huko Texas na watu 14 wakafa. Zamu moja ilikuwa imetoa skrubu 47 kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mkia, iliyofuata haikujua, na ndege ikarudishwa kazini. Skrubu zilikuwa upande wa juu wa mkia, mahali ambapo mtu aliyesimama chini haoni. Kwa hiyo, fundi: kazi isiyokwisha lazima iachwe na alama. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani na uandike daftarini kabla ya kunawa mikono. Na wewe, rubani: panda ngazi uone sehemu ya juu.

La tatu ni kosa moja kurudiwa kila upande. Mnamo 5 Mei 1983, ndege ya Eastern aina ya L-1011 ilitoka Miami ikiwa na watu 172, na injini zote tatu zikaanza kuvuja oili, kwa sababu kila moja ilifungwa kihisi cha vumbi la chuma bila pete zake za mpira. Walirudi Miami kwa shida, wakatua salama. Kwa wenye Let 410 au ndege yoyote ya injini mbili somo ni hili: fundi mmoja asifanye kazi ileile kwenye injini zote mbili siku moja. Ikilazimu, mtu mwingine akague injini ya pili kabla haijafunikwa.

La nne, tunalolihofia kuliko yote, ni nyaya za usukani kufungwa kinyume. Mnamo 11 Novemba 2018, Embraer 190 ya Air Astana ilitoka kwenye ukarabati mkubwa huko Ureno nyaya za eleroni zikiwa zimepishana. Kosa halikugunduliwa chini. Waliokuwemo sita walipambana na ndege isiyotii hadi walipofanikiwa kutua Beja. Hatua ya kulikamata kosa hilo iko hapa chini. Haichukui hata dakika moja.

Ndani kwanza

Anzia chumba cha rubani, kwa sababu lazima ujue ndege imezimwa kabla hujaikaribia pangaboi. Funguo ya magneto (kifaa kinachotoa cheche za injini) iwe imezimwa na iko mfukoni mwako, mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa umevutwa hadi mwisho, swichi zote chini.

Toa kifungio cha usukani, ukiweke mahali unapokiona. Mnamo 30 Oktoba 1935, huko Dayton nchini Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing iliyokuja kuwa B-17 ilianguka mara tu baada ya kupaa kwa sababu kifungio kilikuwa hakijatolewa. Marubani wawili walikufa, na tangu hapo jeshi likaanza kutumia orodha za ukaguzi zilizoandikwa. Msumari au waya uliopinda usitumike badala ya kifungio chenye kibao chekundu: hauonekani, na haumzuii mtu kuwasha injini.

Washa betri kwa muda mfupi, tazama geji za mafuta, shusha flapu (vibati vya nyuma ya mabawa vya kupaa na kutua), angalia taa, zima. Kisha jaribu usukani, mlango ukiwa wazi na macho nje. Shika usukani kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea juu. Ukiuzungusha kushoto, vidole vinaelekea kushoto, na eleroni ya kushoto lazima ipande huku ya kulia ikishuka. Zungusha kulia: kinyume chake. Ukiuvuta, ukingo wa nyuma wa eleveta, kibati cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, unapanda. Ndege ikiwa imetoka kwenye ukarabati wa nyaya, mtu wa pili asimame nje na aseme kwa sauti anachokiona, "kushoto juu, kulia chini". Usikubali jibu la "inacheza vizuri". Eleroni zilizofungwa kinyume nazo hucheza vizuri. Halafu trimu, gurudumu la kupunguza uzito wa usukani mkononi: ukiielekeza kuinua pua, kibati kidogo cha kwenye eleveta lazima kishuke.

Kuzunguka

Anzia mlango wa kushoto, nenda mkiani, rudi kwa bawa la kulia, puani, umalize kwa bawa la kushoto. Shika njia ileile kila siku, ili ukiruka kituo mwili wako ukukumbushe.

Mkiani, shika eleveta na usukani wa mkia taratibu, usogeze hadi mwisho wa pande zote. Usisikie mkwaruzo, wala usihisi mchezo kwenye bawaba. Tazama kila nati: ile yenye meno lazima iwe na pini iliyopindwa, na ile ya kujifunga yenyewe lazima uzi wa bolti utokeze kwa juu. Nati ya kujifunga inayozunguka kwa vidole imekwisha, haifungwi tena. Kichwa cha bolti kwa kawaida kinaelekea juu au mbele, ili nati ikidondoka bolti ibaki mahali pake. Ukiona imegeuzwa, uliza kwa nini. Kwenye kiungo cha kukazia waya, usione zaidi ya nyuzi tatu za skrubu nje ya pipa lake, na waya wa kufungia uwe umesukwa ukivuta kuelekea upande wa kukaza. Waya uliovuta upande wa kulegeza ni pambo tu.

Kwenye mabawa, pitisha kiganja ukingo wa mbele ukitafuta bonde. Eleroni: angalia bawaba, na vipande vya uzito wa kusawazisha kama vipo vyote. Tikisa flapu kidogo. Kila kifuniko cha ukaguzi chini ya bawa kiwe na skrubu zote. Skrubu yenye kichwa kinachong'aa kati ya wenzake waliofifia inakuambia fundi alipita hapo. Linganisha na kipande chako cha karatasi.

Mrija wa pitoti, unaopokea hewa ya kupimia mwendo, uko chini ya bawa la kushoto. Vua funiko, uchungulie kwa tochi. Kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu huingia kila tundu, na nyigu wa udongo hawahitaji siku nyingi kuziba mrija ulioachwa wazi. Mnamo 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kupaa Puerto Plata, watu 189 wakafa. Mrija mmoja wa pitoti ulikuwa umeziba, na wachunguzi waliona kuwa yaelekea ni wadudu, kwani ndege ilikuwa imekaa chini siku nyingi na mirija iliachwa bila mafuniko. Usipulize kwa mdomo, pumzi yako yaweza kuharibu saa ya mwendo. Usichokonoe kwa kijiti. Mwite fundi autenganishe na kuusafisha.

Tundu la statiki, linalopokea shinikizo la hewa ya nje kwa saa za kimo na mwendo, ni dogo na liko ubavuni, ndiyo maana husahaulika baada ya kuosha ndege. Huko Lima, tarehe 2 Oktoba 1996, waosha ndege waliziba matundu hayo kwa utepe kwenye Boeing 757 ya Aeroperú na hawakuutoa. Usiku, juu ya bahari, marubani hawakuwa na kimo wala mwendo wa kuaminika, na watu 70 wote wakafa. Kwa hiyo utepe wa kuzibia uwe wa rangi kali, wenye mkia mrefu unaoning'inia, na uandikwe daftarini siku unapowekwa. Rubani aguse tundu kwa kidole. Macho peke yake hayatoshi.

Tairi: shinikizo la 172S ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 42 nyuma na 45 mbele. Angalia alama ya rangi inayovuka kutoka tairi hadi rimu. Ikiwa imekatika, tairi limezunguka juu ya rimu na valvu iko hatarini. Matone mekundu karibu na breki ni mafuta ya haidroli, na ndege haiondoki.

Puani nenda polepole. Pangaboi ichukulie kuwa hai siku zote, maana waya wa kuzima magneto ukikatika, injini inaweza kuwaka kwa kuguswa tu. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga. Viwanja vya udongo na changarawe vya ndani ya Katanga hurusha mawe, na Goma kuna changarawe kali ya lava. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika hata upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Jeraha lenye pembe kali huanzisha ufa, na ufa huondoka na ncha ya panga. Fundi ndiye hulichonga na kulilainisha, wala si rubani kwa tupa yake. Kioo chenye majivu au vumbi la volkano usikifute kikavu: kimwagie maji mengi kwanza, la sivyo utakikwaruza chote.

Oili ya 172S: tangi hubeba robo za galoni 8, kama lita 7.6, na huruhusiwi kuwasha ikiwa chini ya 5, kama lita 4.7. Kama oili ilibadilishwa, angalia waya wa kufungia chujio na plagi ya chini, na usikubali ndege ambayo injini haikuwashwa kisha ikakaguliwa tena kwa mvujo. Chungulia matundu ya hewa ya mbele: majani makavu ni kiota, tambara ni la fundi. Ndiyo sababu hanga nzuri huhesabu zana na matambara kabla kifuniko cha injini hakijafungwa. Spana moja ikikosekana, ndege inabaki hadi ipatikane. Tazama pia bomba la moshi: ufa au unga wa kijivu pembeni yake maana yake gesi ya kaboni monoksidi yaweza kuingia walipo abiria.

Mafuta

Hapa tunakaa zaidi, kwa sababu ndipo uzembe hulipwa dakika moja baada ya kupaa.

Chota sampuli asubuhi kabla ndege haijasukumwa, na tena baada ya kila kujaza, ukiyapa mafuta muda wa kutulia. 172S ina vichoteo 13: vitano chini ya kila bawa na vitatu chini ya pua. Vyote kumi na vitatu. Inua kikombe kwenye mwanga. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya buluu. Maji hukaa chini yake kama tone au tabaka lisilo na rangi. Jihadhari na kikombe kilichojaa maji matupu: hakuna mstari wa kutenganisha, kila kitu kinaonekana safi. Ndiyo maana unatafuta ubuluu na harufu pia. Endelea kuchota hadi sampuli mbili mfululizo ziwe safi, na maji yakizidi, mwite fundi akague mpira wa kofia ya tangi. Masika ya hapa huingia kwa kofia zilizochakaa.

Jet A-1, mafuta ya ndege za turbini, ndani ya ndege ya pistoni ni hatari kuliko tangi kukauka, kwa sababu injini huwaka na kutembea vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija, kisha hushindwa ukiwa juu ya nyumba za watu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: Avgas hukauka na kuondoka, Jet A-1 huacha doa la mafuta. Simama mwenyewe ndege inapojazwa na usome maandishi ya lori au ya pipa. Esanse ya magari na mazuti hayaingii, hata kama safari itaahirishwa.

Kwenye viwanja vya mbali mafuta hutoka kwenye mapipa ya lita 200. Pipa lihifadhiwe limelala, vifuniko vyake viwili vikiwa kwenye mstari mlalo, ili mafuta yafunike vifuniko na hewa yenye unyevu isivutwe ndani. Kabla ya kutumia, lisimamishe na uliache litulie, afadhali usiku mzima. Mrija wa pampu usifike chini kabisa. Acha sentimita kadhaa za mwisho. Unganisha waya wa umeme tuli kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua kofia, na tumia faneli ya chuma yenye chujio linalozuia maji, wala si ya plastiki.

Kisha hesabu. Hapa pampu husoma lita, ndege za Marekani husoma galoni, na Caravan husoma pauni. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785. Lita moja ya Avgas ni kama kilo 0.72, ya Jet A-1 ni kama kilo 0.8, yaani pauni 1.76. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliokokotoa walitumia 1.77 ya pauni walipotakiwa kutumia 0.8 ya kilo. Ilipata chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, ikatua Gimli bila injini. Andika kipimo pembeni ya kila namba. Tangi za 172S hutoa galoni 53 zinazotumika, ambazo ni lita 200 na kama kilo 144. Usiiamini geji: panda, pima kwa kijiti cha ndege ileile ikiwa imesimama tambarare, na funga kofia kwa mkono wako mwenyewe.

Kabla ya kushika njia ya kurukia

Weka shinikizo la hewa ulilopewa na mnara. Saa ya kimo isome karibu na kimo cha uwanja: Luano kama mita 1,300, Goma kama 1,550, Kavumu kama 1,720. Ikipishana zaidi ya futi 75, rudi.

Jaribu magneto kwa mizunguko 1,800 ya injini kwa dakika. Kila moja isishuke zaidi ya 150, na tofauti kati yao isizidi 50. Isiposhuka kabisa usifurahi: huenda waya wa kuzima umekatika. Kwa vimo vyetu, mchanganyiko ukiachwa mnene plagi huziba kwa masizi na injini hutetemeka kana kwamba magneto ni mbovu. Punguza mafuta kwanza, ujaribu tena, ndipo umlaumu fundi. Joto la nyuzi 32 Luano huifanya ndege iruke kana kwamba iko mita 2,200 na kitu. Goma hufika huko kwa nyuzi 25 tu. Fungua jedwali la umbali wa kupaa, usikisie.

Ukikatizwa, na ukikuta kasoro

Simu ikilia, au abiria akikuita kuhusu mzigo wake, usiendelee pale unapodhani uliachia. Rudi hatua tatu nyuma. Kama huna uhakika kabisa, anza upya mlangoni. Abiria, mwenye mali na mkubwa wa kazi wote wasubiri. Mwenye ndege mwenye busara huwaambia marubani wake hivyo waziwazi, mbele ya wateja.

Ukikuta kasoro, iandike kwa namna ambayo fundi ataikuta bila wewe kuwepo. "Injini inasumbua" haimsaidii. Andika: "Magneto ya kulia imeshuka mizunguko 220 kwa 1,800, mchanganyiko umepunguzwa, injini ina moto, imejaribiwa mara mbili." Weka tarehe, saa na sahihi. Toa funguo, funga kitambaa chekundu kwenye usukani, na umkabidhi fundi daftari mkononi.